Mchoraji, Mshonaji na Mwenye Duka

Hotuba ya kamati ya washonaji mbele ya mkutano wa wanachama. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo wengine kati yenu wameliita jambo la anasa. Tumewasikia wakiuliza, picha za wachoraji zina shauri gani na chama cha wafanya kazi? Chama ni cha mshahara, saa za kazi, likizo, na fidia ya mtu aliyeumia kazini. Mchoraji ni mtu wa rangi zake, basi na akae na rangi zake. Sisi wa kamati hatukubaliani na neno hilo. Tutasema kwa nini, tena kwa hesabu na kwa mambo yaliyotokea kweli, maana mkutano huu haushibi maneno matupu.

Shauri lenyewe lilianza hivi. Duka moja la vitu vya wageni, ambalo hatutalitaja, liliwapa wanachama wetu sita kazi ya kudarizi foronya za mito ya makochi. Duka lilileta picha zilizochapwa kwenye karatasi: mitumbwi ya ziwani, wanawake wanaoanika samaki, mti mkubwa wenye kivuli. Wanachama wakashona. Foronya mbili zikakataliwa, kwa kuwa rangi ya maji, kwa maneno ya duka, haikufanana na picha. Hizo mbili hazikulipwa hata senti moja, wala hawakurudishiwa waliozishona. Baada ya miezi miwili akaja mtu katika ofisi ya tawi, amekasirika sana. Ndiye mchoraji wa picha zile. Alikuwa ameiona mitumbwi yake dirishani mwa duka, imekwisha kushonwa, wala hakuna aliyemwuliza. Alipouliza dukani aliambiwa kwamba picha zililetwa na washonaji wenyewe. Basi mchoraji aliyenyang'anywa na washonaji waliopunjwa wakakaa saa nzima katika chumba kimoja wakigombana, na mtu wa tatu, aliyekula faida ya wote wawili, hakuwako.

Hapo ndipo kamati ilipotumwa kutazama shauri hili. Twawaletea tuliyoyaona.

Kwanza tuangalie kazi yenyewe, kwa sababu hata sisi wa sindano hatuifikirii yote. Chukueni kofia ya mkono ya pwani, ile nyeupe yenye vitobo vidogo. Mtu huiona kichwani pa mzee siku ya Idi akadhani ni kazi ya mtu mmoja. Mara nyingi sivyo. Yuko aliyechora nakshi kwa kalamu juu ya kitambaa, akagawanya maua yake sawasawa yazunguke kichwa bila kukutana vibaya. Yuko aliyetoboa na kuzungushia uzi kila kitobo, kazi ya majuma mengi, na kwa mama mwenye watoto na moto wa jikoni ni kazi ya miezi. Tena huenda yuko mwingine aliyeunganisha duara la juu na ukuta wake, akafua, akatia wanga na kupiga pasi. Lakini mnunuzi akiuliza kofia hii ni ya nani, hujibiwa kwa jina la mwenye duka.

Na kofia ni rahisi kuliko picha, kwa kuwa nakshi yake ilichorwa tangu mwanzo ili ishonwe. Picha ya rangi haikuchorwa ili ishonwe. Mchoraji wa kandokando ya ziwa anaweka maji ya jioni kwa brashi moja iliyolowa, rangi zikaingiliana zenyewe. Sindano haiwezi hivyo. Uzi ni mwekundu au si mwekundu. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa katikati, anayeketi na picha ile na kuigawa katika miraba midogo, kila mraba mshono mmoja, na kuamua mraba huu upate uzi wa namba gani. Kivuli cha chini ya mtumbwi, ambacho mchoraji alikimaliza kwa pumzi moja, yeye atakitafutia nyuzi nne au tano zinazofuatana, kutoka kijani kibichi mpaka kijivu. Ndege wa mbali anayeenea miraba miwili tu, ataamua kumwacha au kumkuza. Hiyo ni kazi ya akili na ya macho. Akikosea, mshonaji atafika jioni ya siku ya kumi aone uso wa mvuvi umekuwa kama kiazi.

Kazi hii si mpya. Katika karne ya 19, wachapaji wa Berlin, Ujerumani, walikuwa wakitoa karatasi za miraba zilizotiwa rangi kwa mkono, mraba baada ya mraba, ili mabibi wa Ulaya washone maua na picha za wachoraji mashuhuri kwa nyuzi za sufu. Picha za wanyama za Mwingereza Edwin Landseer zilipendwa sana kwa kazi hiyo. Jina la Landseer limo vitabuni. Waliokaa mezani wakitia rangi miraba ile, majina yao yamepotea.

Siku hizi ziko programu za kompyuta zinazogeuza picha yo yote kuwa miraba kwa dakika moja, hata kwenye simu ya mkononi. Lakini aliyewahi kushona kwa kufuata karatasi ya namna hiyo, bila mtu kuisahihisha, anaijua taabu yake: rangi sitini mahali pa ishirini, na mishono imetawanyika mmoja mmoja kama mchele uliomwagika. Vivyo hivyo mashine za kudarizi za kompyuta, ambazo wengi wenu huzisimamia mkitia beji katika sweta za shule. Watu husema mashine inajifanyia. Mashine haifanyi kitu mpaka mtu aiandikie njia ya sindano: ianzie wapi, uzi ulale upande gani, mishono isongamane kadiri gani ili kitambaa kisikunjamane. Na kazi hiyo ya mashine sokoni hukadiriwa kwa hesabu ya mishono, kwa elfu. Kwa hiyo wenye biashara wanajua sana kuhesabu mishono. Husahau hesabu siku ya kumlipa mshonaji wa mkono tu.

Basi na tuwahesabie sisi. Foronya yenye picha ya inchi 14 kwa inchi 10, katika kitambaa cha mishono 14 kwa inchi, ina mishono 196 upande mmoja na 140 upande wa pili. Zidisheni. Ni mishono ya msalaba 27,440, na kila msalaba sindano huvuta mara mbili. Tuseme mshonaji wetu ni hodari, anamaliza misalaba 160 kwa saa bila kuinua kichwa, bila kufumua, bila kutunga uzi upya. Atahitaji saa 171 na nusu. Kwa siku ya saa nane, hizo ni siku 21 na zaidi ya saa tatu. Akikubali shilingi 5,000 kwa foronya hiyo, ameiuza saa yake kwa shilingi 29 na senti kidogo, na uzi hatujautaja. Tulipoisoma hesabu hii katika kamati, mama mmoja alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Afadhali ningefua nguo za watu." Hatukuwa na jibu la kumpa.

Sasa tuwapeleke mbali kidogo, mpaka Meksiko, kwa sababu huko jambo hili limefika mpaka Serikali, na hapana haja ya sisi kuanza kujifunza upya mambo ambayo wenzetu wamekwisha kuyalipia.

Katika jimbo la Hidalgo, kaskazini-mashariki ya mji mkuu wa nchi ile, iko milima wanakokaa watu waitwao Otomí. Mji wao mmoja ni Tenango de Doria. Katika miaka ya 1960 ukame uliwapiga, shamba halikuwalisha, nao wakatafuta cho chote cha kuuza. Wanawake walikuwa wanajua kudarizi nguo zao tangu zamani, wakaanza kudarizi vitambaa vya kuuza, juu ya nguo ngumu ya pamba, ambayo sisi tungeiita marikani. Wakaijaza kulungu, sungura, majogoo, ndege wa mikia mirefu, na maua ambayo hayaoti katika shamba lo lote. Vitambaa hivyo vikaitwa tenango, kwa jina la mji, navyo leo vinajulikana dunia nzima.

Tulipochunguza namna kazi ile inavyofanywa tuliona jambo la kutufaa. Wako wachoraji wa vijijini, wanaume kwa wanawake, ambao kazi yao ni kuchora juu ya kitambaa kwa mkono mtupu. Kila mmoja ana mkono wake, huyu mnyama wake ana shingo ndefu, yule anajaza majani kila pengo. Kitambaa kikisha kuchorwa humwendea mdarizi, naye ndiye anayechagua rangi na kukikalia majuma au miezi. Mshono wao ni wa mtu anayejua bei ya uzi: uzi wote hulala upande wa juu, na upande wa chini huonekana vistari vidogo tu. Kwa nini pesa ikae mahali pasipoonekana? Huu ni ustadi uliozaliwa na umaskini, na yeyote aliyewahi kununua uzi kwa senti zake mwenyewe atauheshimu.

Basi mwezi wa Juni, 2019, Serikali ya Meksiko, kwa mkono wa Waziri wake wa Utamaduni, Alejandra Frausto, iliandika barua kwa nyumba ya mitindo ya Carolina Herrera, yenye makao yake New York. Ilisema kwamba nguo za mitindo yao mipya zilikuwa na nakshi za watu wa Meksiko, na ndani yake nakshi ya Tenango de Doria, ikauliza kama wenyewe watapata faida yo yote. Mkuu wa mitindo wa nyumba ile alijibu kwamba walikusudia kuusifu utamaduni wa Meksiko. Twaomba mlisikie vizuri jibu hilo, maana mtalisikia hata hapa kwetu. Sifa ni kitu kizuri, lakini mwenye nyumba ya kupanga hapokei sifa mwisho wa mwezi.

Haukupita muda, mwezi wa Julai mwaka uo huo, Waziri yule akaandika barua nyingine, kwa Louis Vuitton ya Ufaransa, juu ya kiti kilichopambwa kwa nakshi ya namna ile ile. Magazeti yalisema bei ya kiti ilipita dola 18,000 za Kimarekani. Kampuni ilijibu kwamba ilikuwa katika mazungumzo na mafundi wa Tenango de Doria juu ya kushirikiana. Huenda ni kweli. Sisi twauliza neno moja tu: mazungumzo yanakujaje wakati kiti kimekwisha kutiwa bei?

Meksiko haikuishia kwenye barua. Mwaka 2020 ilibadili sheria yake ya hakimiliki ili kazi za watu wa asili zisitumiwe bila ruhusa yao, na Januari 2022 ikatoa sheria nyingine kubwa zaidi, inayosema kwamba nakshi na sanaa za namna hii ni mali ya jamii nzima inayozitengeneza. Tunaipongeza. Lakini sisi ni watu wa chama, tumezoea kuuliza swali la pili. Jamii ikisema ndiyo, nani ametia sahihi? Na pesa zikija, zinafika kwa mchoraji, au kwa mdarizi, au zinakaa kwa mtu aliyepewa mhuri? Mchoraji na mdarizi wanaweza kuwa wa kijiji kimoja na mfuko wao usiwe mmoja. Sheria ya jamii ni ukuta wa nje wa nyumba. Vyumba vya ndani hugawanywa na wenye nyumba wenyewe.

Liko neno jingine ambalo husemwa huko na hapa: nakshi za mila hazina mwenyewe, ni za kale, kila mtu achukue. Wengine husema tenango zimetoka katika michoro ya kale ya mapangoni, wengine husema ni za juzi tu, za miaka ile ya ukame. Kwa maoni yetu ubishi huo hauna faida kwa mfanya kazi. Hata kama kulungu ni wa kale, kulungu huyu aliye juu ya kitambaa hiki alichorwa na mtu juma lililopita, akashonwa na mtu mwezi huu, na wote wawili wanakula chakula leo.

Mfano wa pili ni wa Australia, nao si wa sindano hasa bali wa mazulia, lakini jambo ni lile lile la picha kuhamia kwenye uzi. Wachoraji wanane wa watu wa asili wa nchi ile, watano kati yao walikuwa wamekwisha kufa, picha zao zilifanywa mazulia nchini Vietnam na kuletwa kuuzwa Australia, bila ruhusa. Mmoja wa walio hai alikuwa Banduk Marika wa Yirrkala, ambaye picha yake ilikuwa ya maji matakatifu ya ukoo wake. Kwa desturi yao, picha ya namna hiyo hawezi kuitoa mtu mmoja kwa kupenda kwake, ana wazee wa kuwajibu. Tena sasa ikawa zulia la kukanyagwa kwa miguu! Na mazulia yale yalifungiwa kibandiko kikisema kwamba wachoraji wanalipwa fungu lao kwa kila zulia linalouzwa. Ulikuwa uwongo. Disemba 1994 Mahakama ya nchi iliwapa wachoraji haki, na kuamuru walipwe zaidi ya dola 188,000 za Australia, wagawane. Kesi hiyo hutajwa mpaka leo na mawakili wa dunia nzima. Lakini kampuni ilifungwa kwa kukosa mali, na wachoraji hawakuzipata pesa zile.

Kwa hiyo mtu akituambia "chukueni tu, mkidhulumiwa mwende kortini", tumkumbushe mazulia hayo. Korti huja bidhaa ikiwa imekwisha kuuzwa.

Tusije tukadhani kwamba mchoraji ndiye mwenye akili na mshonaji ni mkono tu. Katika kijiji cha Hamburg, jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, wanawake wa kikundi cha Keiskamma waliichukua mwaka 2005 picha ya madhabahu iliyochorwa na Mjerumani Matthias Grünewald zaidi ya miaka 500 iliyopita, na ambayo iko Colmar, Ufaransa. Grünewald aliichora kwa ajili ya hospitali ya watawa, mahali pa wagonjwa wenye maumivu makali. Wanawake wale walikuwa wakizika watoto wao kwa ugonjwa wa ukimwi. Hawakunakili. Waliyaacha maumbo ya madhabahu kama yalivyo, milango inayofunguka juu ya milango mingine, wakatia ndani watu wa kijiji chao, mimea na ndege wa kwao, na katikati kabisa picha za mabibi watatu walioachiwa wajukuu. Zaidi ya wanawake 100 walishiriki kwa sindano na shanga. Mchoraji alikufa zamani, hakuna wa kumlipa, na bado jina lake linatajwa kila kazi ile inapoonyeshwa. Hivyo ndivyo mshonaji anavyomtendea mchoraji akiwa muungwana.

Turudi nyumbani. Kenya hatukuachwa bila sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Wala humlindi kwa karatasi na rangi peke yake. Hukataza kuitoa picha yake katika umbo lo lote ambalo mtu akilitazama atatambua limetokana na ile ya kwanza. Uzi umo humo. Kwa hiyo wale wenzetu wanaochukua picha kutoka simu zao na kuzishona za kuuza, wakisema ni mshono si picha, sheria haiko upande wao. Na hata kama sheria isingekuwapo, tungewaambia vivyo hivyo. Hatuwezi kulilia duka litutaje majina huku sisi tunalifuta jina la mchoraji.

Lakini sheria ile ile ina mlango ambao wengi hawauoni. Kazi iliyofanywa katika ajira, au iliyoagizwa na mtu, haki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri au mwagizaji, ila kama pana mapatano mengine. Maana yake, ndugu zetu mnaotengeneza karatasi za miraba na mnaoandikia mashine njia ya sindano, kazi yenu ni ya tajiri tangu dakika mliyoikabidhi, kwa sababu hakuna aliyeandika neno. Lakini iko haki isiyokwenda: haki ya mtunzi kutajwa kuwa yeye ndiye mtunzi. Hiyo hubaki naye, hata akiiuza hakimiliki yake.

Ipo tena sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, ambayo imewapa watu wa kaunti kazi ya kuziandika katika daftari. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 11, inataka jamii zilipwe utamaduni wao ukitumiwa. Wenye nakshi za kwao, wa pwani na wa bara, waulize daftari la kaunti yao limefika wapi.

Mshonaji yeye analindwa na nini? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi wa kulipwa kwa kipande apewe pesa zake mwisho wa mwezi kwa kadiri ya kazi aliyoifanya, au siku ya kuimaliza, yo yote itakayotangulia. Haisemi "siku mteja atakaponunua". Lakini matajiri wengi humwambia mama anayeshona nyumbani kwamba yeye si mwajiriwa, ni mfanyi biashara mdogo. Mfanyi biashara asiyepanga bei, asiyechagua picha, asiyejua mnunuzi! Hapo ndipo chama kinapoingia, na hapo ndipo shauri la mchoraji linapokuwa shauri letu, kwa sababu karatasi moja inaweza kutulinda sote.

Kamati imeiandika karatasi hiyo. Si ndefu. Kwa kazi yo yote inayotokana na picha ya mtu, pawe na majina matatu: aliyechora, aliyeigeuza kuwa mshono, aliyeshona. Sahihi ya mchoraji iwepo kabla ya sindano kuingia kitambaani, na fungu lake liandikwe, litoke katika bei ya duka na si katika ujira wa mshonaji. Neno hilo la mwisho tulibishana nalo sana. Mchoraji tuliyewataja, tulipokaa naye mara ya pili kwa utulivu, ndiye mwenyewe aliyesema hataki hata shilingi moja itokayo mkononi mwa mshonaji. Ujira wa kushona uhesabiwe kwa elfu ya mishono, kama ule wa mashine, wala si kwa foronya. Uzi na kitambaa vitoke kwa mwenye duka. Kazi ikikataliwa kwa sababu ya rangi ambayo duka lenyewe limeichagua, ilipwe. Ikikataliwa kwa sababu ya ubovu wa mkono, irudishwe kwa aliyeishona, isiuzwe nyuma ya pazia.

Tumesikia hofu yenu, nayo si ya kipuuzi. Mwasema, duka litatuacha, litawaendea wengine watakaoshona kwa shilingi 29 kwa saa bila karatasi. Baadhi ya maduka yatafanya hivyo. Hatutawadanganya kwamba kazi haitapungua miezi ya kwanza. Lakini wanunuzi wa kazi hizi si watu wa kutafuta kitu rahisi. Wananunua kwa kuwa kimefanywa kwa mkono, na mahali pake panajulikana. Duka linauza mahali na mkono. Likikataa kutaja mkono ni wa nani, wachoraji watano ambao tumekwisha kuzungumza nao wamesema hawatalipa picha, na duka halitakuwa na mitumbwi ya kuweka dirishani. Hiyo ndiyo nguvu ambayo sisi peke yetu hatukuwa nayo, wala wao.

Juu ya foronya mbili zile: katibu ameandika barua mbili, na jibu limekuja la moja. Duka limekubali kuzilipa, kwa bei ya zamani. Wenye foronya hawajaamua kama watazipokea pesa hizo, na kamati haitawaamulia.

Karatasi za mapatano ziko mezani kwa katibu, nakala tatu kwa kila kazi. Kila mshonaji aliye na kazi mkononi sasa hivi, aihesabu mishono yake usiku wa leo, urefu kwa upana, aje nayo Jumamosi kabla ya kura. Wasiokuwa na karatasi ya miraba wahesabu inchi moja kwa sindano, kisha wazidishe.